Ticha anasema "bado", mtoto analia kila Jumamosi: ni lini binti yangu atapanda pointi?

Hujambo dada,

Nimekuwa nikisoma majibu yako ya magoti na migongo ya watu wa mpira, sasa wacha nikuletee ya baleti. Nimeuliza kwa grupu ya wazazi na kila mtu ako na jibu lake na yote yanapingana.

Binti yangu ametimiza miaka 11 mwezi wa tatu. Alianza baleti akiwa na 7, kwanza ilikuwa Jumamosi peke yake, halafu mwaka jana tukaongeza Jumatano juu aliniomba sana. Muhula huu ticha amechagua wasichana wanne kwa klasi yao waanze viatu vya pointi, vile vya satini vyenye ncha ngumu vya kusimamia vidole. Wangu hakuchaguliwa. Mmoja wa hao wanne ni mdogo wake kwa miezi mitano na alianza baleti nyuma yake, hapo ndipo roho inaniuma. Nilipomuuliza ticha aliniambia tu "bado mama, tumpe muda" akaingia klasi ingine. Bado nini sasa? Huyu mtoto akinyoosha mguu unajikunja kama ndizi, msamba anapiga mpaka chini pande zote, kila mtu anasema ana mguu wa baleti.

Sitakuficha, viatu nilishamnunulia. Nilivipata soko la mitumba la Toi vikiwa karibu vipya, elfu moja mia tano, nikachukua namba moja juu ndio akue navyo vile tunafanyanga na za shule. Mpango ulikuwa vikae kabatini mpaka ticha aseme sawa, lakini alivifukua na sasa usiku nasikia ko ko ko kwa veranda, anajifundisha na YouTube kwa simiti. Nimemkataza lakini wapi. Wiki iliyopita akaanza kusema nyuma ya kifundo kunamfinya akinyoosha mguu, nikampaka dawa ya kuchua.

Ticha pia alilalamika eti mizunguko yake imeharibika, anayumba, na mwaka jana alikuwa anazunguka kuwashinda wote. Mimi nasema ni simu na uvivu, juu hata nyumbani amekuwa mtu wa kuangusha vikombe, na kula ndio usiseme, sketi ya shule niliyonunua Januari saa hii iko juu ya magoti. Mama mmoja akaniandikia kando ati nimpunguzie chapati awe mwepesi ndio vidole vimbebe.

Nisaidie. Naweza kumpima mwenyewe nijue kama ako tayari? Nimhamishie studio ingine, kuna moja nasikia inaanzisha hata watoto wa miaka 9? Na akichelewa si ndoto ndio imeisha hivyo?

Mama Ballerina, Nairobi

*

Dada yangu,

Barua yako nimeisoma mara ya pili nikasimama hapo kwa veranda. Kabla ya ticha na kabla ya ndoto, usiku wa leo hivyo viatu vichukue uvifiche mahali hata wewe mwenyewe utasumbuka kuvipata.

Watu wengi hudhani ndani ya ile ncha kuna mbao ama chuma. Hakuna. Ni tabaka za kitambaa na karatasi zilizoshikanishwa na gundi zikakauka, halafu chini ya unyayo kuna kipande chembamba kigumu kinachoshikilia upinde wa mguu. Jasho na joto vinalainisha hiyo gundi, kiatu kinachukua umbo la mguu wa mwenyewe, na baada ya muda kinakufa, wachezaji wa kampuni kubwa wanaweza kumaliza jozi kwa onyesho moja tu. Kwa hivyo cha Toi kinaweza kung'aa satini vizuri kabisa na ndani kilishakufa kitambo, tena kilikufa kikiwa na umbo la mguu wa mtoto wa watu huko Ulaya. Binti yako akipanda juu yake hicho kipande cha chini kinakunjika, mguu unapita mbele ya ile ncha, na yeye bado hana nguvu za kuurudisha. Mimi mitumba ni mtu wao, nusu ya kabati yangu ni Gikomba, lakini hii hapana.

Na namba moja juu ndio mbaya zaidi. Kiatu cha shule akue nacho sawa, raba sawa, gumboots sawa. Kiatu cha pointi kinambeba mtu kwa kumbana pande zote za mguu, ndio uzito ugawanyike, sasa kikiwa kikubwa mguu unateleza ndani mpaka unagonga mwisho na kilo zake zote zinatua kwa ukucha wa kidole gumba. Siku yake ikifika atavalishwa na mtu anayejua kazi hiyo, atamwangalia akiwa amesimama, akiwa amekunja magoti, akiwa juu, atabadilisha upana mara kadhaa, na namba itakayotoka huenda isifanane kabisa na ya kiatu cha shule. (Siku hiyo pia ujue si lazima viwe vya waridi. Freed ya London ilianza kutoa vya kahawia mwaka 2018 ikishirikiana na kampuni ya Ballet Black, kabla ya hapo wachezaji wengi weusi walikuwa wanakaa chini na sponji wakipaka viatu vyao meikapu vifanane na ngozi.)

Kile kifundo sasa. Mtu akinyoosha mguu mpaka mwisho, mfupa wa kisigino na ule wa muundi vinakaribiana kwa nyuma na chochote kilicho katikati kinabanwa. Kuna watu wana kijifupa kidogo cha ziada hapo nyuma, wanaishi nacho miaka na miaka hakiwasumbui mpaka waanze kusimama kwa ncha. Na hapo hapo ndipo kano ya kidole gumba inapita, ile inayofanya kazi ngumu kuliko zote kwa mchezaji wa baleti. Gani kati ya hizo ndio inamsumbua wako, hiyo inataka mkono wa mtu na pengine picha, haijulikani kwa barua. Lakini kuchua hakutafungua mahali mifupa inabanana. Apumzishe kusimama kwa vidole mpaka pawe kimya, na kama anafinywa hata akitembea ama akishuka ngazi basi umpeleke kwa fizio ama daktari wa mifupa wiki hii.

Haya, tukuje kwa sketi, juu mimi naona jibu la barua yako yote liko hapo na wewe uliliandika ukipita tu. Sketi ya Januari iko juu ya magoti, vikombe vinaanguka, chakula kimepanda, mizunguko imeharibika. Simu usiisingizie, huyo mtoto anaruka urefu. Wasichana wengi hufanya hivyo karibu na miaka 11 ama 12, mifupa inatangulia, misuli inafuata nyuma, miguu inakuwa mirefu kuliko ile ubongo ulizoea kuendesha mwaka jana. Kwa miezi kadhaa nguvu zinaonekana kushuka, unyumbufu unashuka, balansi inaharibika, hata yule aliyekuwa nyota wa klasi anajikwaa kwa kitu hakipo. Ni msimu na unapita, lakini ni msimu mbaya kuliko yote wa kumuongezea mtoto kazi ya kusimama juu ya eneo dogo la satini. Ticha wako, kama ana macho, ameona hii. Amekosea kwa kukuambia "tumpe muda" kisha akaenda zake, hapo niko na wewe.

Na yule mdogo wa miezi mitano huenda bado hajaanza kuruka, kwa hivyo saa hii ana mwili uleule aliouzoea. Ama pia ticha amemharakisha. Vyovyote vile hiyo si kesi yako.

Kuhusu umri kuna miongozo ya IADMS, chama cha kimataifa cha tiba na sayansi ya densi, ambayo walimu wengi waangalifu wanaiegemea. Kwa kifupi: si kabla ya miaka 12. Mtoto wa klasi moja kwa wiki asianze. Wa klasi mbili kwa wiki aanze mwaka wa nne wa mafunzo, na hiyo ni kama tumbo, nyonga na miguu ina nguvu na vifundo havilegei kupita kiasi. Sasa hesabu ya wako. Ana 11, miaka yake mingi ilikuwa ya Jumamosi peke yake, na vifundo vyake ndio hivyo vya ndizi unavyojivunia. Najua utasema huyo mwingine ako na 11 pia na amechaguliwa. 12 haina uchawi, kuna wa 11 wako sawa na kuna wa 14 hawako, na utafiti uliochapishwa 2010 kwenye jarida la tiba ya densi ulikuta majaribio ya kumwona mtoto akifanya kazi yanaendana na maamuzi ya walimu kuliko umri unavyoendana nayo. Utasikia pia ati pointi mapema inazuia mifupa kukua. Mifupa ya mguu wa msichana inaendelea kukomaa mpaka 14, 15 na kuendelea, tungekuwa tunangoja hiyo basi huyo wa 12 hangeanza. Kinachotuletea watoto kliniki ni mguu usio na nguvu uliowekwa juu ya ncha ukapinda, ukarudiarudia, mpaka kano ikavimba ama mfupa wa kidole cha pili ukapata ufa.

Ndizi yenyewe, samahani nitakuudhi kidogo. Mguu unaojikunja sana ni mzuri kwa picha lakini mara nyingi kano zake ni legevu, na huyo mtoto anahitaji nguvu zaidi ya mwenye mguu wa kawaida, juu hakuna kitu cha kumsimamisha asipite ile ncha isipokuwa misuli. Mguu mgumu sana pia una shida yake, hauwezi kufika juu ya ncha kabisa. Hiyo unapima kwa penseli: akae chini miguu mbele, goti limenyooka, anyooshe mguu, kisha laza penseli juu ya kifundo kutoka kwa muundi kuelekea vidole. Ikilala sawasawa bila kuinuliwa na fundo la kifundo, mguu unafika. Wako nakuhakikishia utafika na kuzidi, kwa hivyo hapo usipoteze wakati.

Poteza wakati kwa mguu mmoja, lakini ngoja kwanza kile kifundo kitulie. Mwambie avue soksi, avae kaptura, simu uisimamishe kwa kigoda nyuma yake ionyeshe visigino mpaka mgongo. Ashike ukuta kwa vidole viwili tu, goti limenyooka, apande juu ya mguu mmoja na kushuka polepole, tunatafuta kama 20 hivi. Usiangalie idadi sana, angalia kisigino. Za kwanza kwanza huwa nzuri kwa watoto wengi, ni baada ya hapo ndipo kisigino kinaanza kuyumba, uzito unakimbilia kidole kidogo, vidole vinajikunja kung'ang'ania sakafu, ama anaanza kurusha kiuno mbele ndio apande. Ikianza hivyo hapo ndio mwisho wa hesabu yake hata kama amefikisha 20 kwa kujilazimisha. Pande zote mbili, na usishangae wa kushoto na wa kulia wakiwa watu wawili tofauti.

Halafu ile wanaiita ndege. Asimame kwa mguu mmoja, ainame mbele mpaka mgongo uwe sambamba na sakafu, mguu mwingine umenyooka nyuma, mikono imetanda pembeni, kisha akunje goti la kusimamia huku mikono ikishuka vidole viguse sakafu, arudi. Mara 5, na 4 ziwe safi. Goti likiingia ndani kumpita kidole gumba, ama nyonga moja ikifunguka kuelekea dari, haijahesabika. Ni rahisi kuiandika, jaribu wewe mwenyewe uone, mimi ya tatu huwa natafuta ukuta. Baada ya hapo kuruka kwa mguu mmoja mahali pamoja mara 16, angalau 8 mguu uwe umenyooka hewani, atue vidole kwanza kisha kisigino, na kiwiliwili kikae wima bila kutikisika kama anakimbiza basi. Ya mwisho ni mzunguko mmoja wa kawaida wa pirueti, aumalize amesimama, bila kuruka ruka kujishika.

Video yenyewe ukishaipata hiyo ni kitu cha kumpelekea ticha, usije ukaona amefikisha 20 ukarudi sokoni. Na ukimfikia ticha usimuulize kwa nini wangu hapana, hilo swali linamfanya mtu ajitetee. Muulize akipanda kwa mguu mmoja unaona nini kinalegea kwanza, na tufanye nini nyumbani. Ticha mzuri atajibu papo hapo, pengine atakuonyesha. Asipoweza kukuambia kitu hata kimoja, hapo sasa una haki ya kuwa na wasiwasi naye.

Nyumbani, dakika kumi jioni zinatosha. Avute upinde wa mguu juu bila kukunja vidole, ni kazi ndogo inachosha ajabu. Apande na kushuka kwa mguu mmoja, idadi ile aliyofanya vizuri tu. Asimame kwa mguu mmoja akipiga mswaki, baadaye afunge macho. Plank na kuinua mguu wa nyuma kwa ajili ya tumbo na makalio, juu nusu ya kusimama kwa ncha iko huko juu na watu wanaangalia vidole tu. Nguvu hazikuji kwa wiki mbili, hesabu miezi mitatu minne.

Studio ya miaka 9, wangu singepeleka. Mtu anayeweka klasi nzima ya watoto wa 9 juu ya ncha anauza picha za wazazi kupost. Hata kwa mitihani ya RAD (Royal Academy of Dance ya Uingereza), ile inafanywa sana hapa, mtoto anaweza kupanda madaraja ya kawaida mpaka la 8 bila kugusa kiatu cha pointi, pointi inaingia kwenye ngazi za ufundi na ya kwanza kabisa hairuhusiwi mtihani kabla ya miaka 11. Na hata hao wanne waliochaguliwa, kama ticha anajua kazi, miezi ya kwanza ni dakika kumi ama kumi na tano mwisho wa klasi, mikono miwili kwa lile bomba la kushikilia, kupanda na kushuka. Hakuna kitu binti yako anakosa hapo ambacho hatakipata.

Kuchelewa je? Misty Copeland, mchezaji wa baleti wa Marekani, alianza baleti yenyewe akiwa na miaka 13, na mwaka 2015 akawa mwanamke wa kwanza mweusi kupewa cheo cha juu kabisa pale American Ballet Theatre, kampuni kubwa ya baleti ya New York. Mtu wa grupu atakuambia lakini yeye alipanda pointi miezi michache tu baada ya kuanza, na ni kweli, ila huwezi kupanga mguu wa mtoto wako kwa kuangalia mwili mmoja wa aina hiyo. Mwaka mmoja kwa msichana wa 11 ni kitu kidogo, jeraha la kifundo akiwa 11 ndilo linaenda naye mbali.

Na huyo mama wa chapati usimjibu. Mtoto anayeruka urefu na anacheza mara mbili kwa wiki anahitaji kula zaidi, si kidogo. Anayecheza na njaa ndiye anapata nyufa za mifupa, hedhi inachelewa ama inapotea, na kichwani inabaki hadithi ya chakula ambayo ni ngumu kuiondoa kuliko jeraha lolote. Chapati ale, na maharagwe, na mayai, na maziwa.

Binti mwenyewe mkalishe umwambie kwa nini anayumba, juu saa hii anaamini ameacha kuwa mzuri na ndiyo sababu anapigana na simiti usiku. Anza kumpima urefu kila mwisho wa mwezi kwa fremu ya mlango. Mwendo wa kurefuka ukipungua, mizunguko ikianza kurudi, mrudie video ileile na simu palepale kwa kigoda, ticha azione zote mbili, ya sasa na ya wakati huo. Na kifundo kikiwa bado kinamfinya siku kumi kutoka leo hata bila vile viatu, usingoje video wala ticha, mpeleke aguswe.